Ukuta wa Shimo la Otylia

Gerard Kupczyk aliteremka mara ya kwanza katika shimo la Otylia akiwa na miaka kumi na tisa, na lilipofungwa alikuwa na hamsini na mmoja. Muda wote huo alijua mambo mawili tu, makaa ya mawe na familia yake, na makaa ndiyo yaliyotangulia kumwacha. Mji wao wa Silesia, kusini mwa Poland, ambao zamani ulifuka moshi hata shuka zilizoanikwa asubuhi zikaanuliwa jioni zimeshakuwa kijivu, ukanyamaza. Vijana wakaenda Ujerumani. Wazee wakabaki madirishani na vifua vyao vya kukohoa.

Miaka minne baadaye shimo likafunguliwa tena, safari hii kwa ajili ya watalii. Gerard alitafutwa awe mwongozaji, kwa sababu alizijua njia za chini kama viganja vyake na alijaliwa ulimi wa kusimulia. Truda, mkewe, alimsihi asikubali. Alikuwa na sababu. Kule chini, mita mia tatu na ishirini, mwamba uliwahi kupasuka na kufukia watu watano, Gerard akiwa na miaka thelathini na miwili. Wanne walitolewa wakazikwa. Wa tano, Hubert, mdogo wake Gerard, hakutolewa. Njia ile ilizibwa kwa ukuta wa matofali, padri akaubariki, na watu wakaambiwa hilo ndilo kaburi.

Gerard aliikubali kazi kwa ajili ya ukuta huo. Tangu shimo lifungwe hakuwa na ruhusa ya kuufikia, na sasa angeufikia kila siku. Kwa miaka mitatu hakuwaambia wageni neno juu yake. Aliwatanguliza mbele wakatazame mashine ya kukatia makaa, yeye akibaki nyuma kidogo, akiweka kiganja kwenye tofali na kusema taratibu, "Mungu akubariki," kama wachimbaji wanavyosalimiana. Kisha huyo, akawafuata.

Msimamizi wa shimo, Bi Bożena Wrona, hakuwa mtu mbaya. Watu arobaini walikuwa wamepata kazi kwa mikono yake. Alipopata habari kwamba jarida kubwa la safari la Warszawa linamtuma mwandishi kuja kupima kama mji wao unafaa kusifiwa miongoni mwa miji ya kutembelea, hakulala. Akaamua kufungua kaunta ya bia huko huko chini ya ardhi. Mahali pakavu na papana palikuwa pale pekee, mbele ya ukuta. Taa za rangi zikafungwa, meza zikateremshwa, na kazi ya kuuza akapewa Monika, binti ya Hubert, aliyekuwa na miaka mitatu baba yake alipofukiwa na sasa anakimbilia thelathini.

Gerard alikwenda ofisini kuomba kaunta ihamishwe. Bi Bożena alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amwonyeshe mahali pengine penye upana ule, naye angehamisha siku hiyo hiyo. Hakuwa na pa kumwonyesha. Akaiandikia idara ya migodi, wakajibu kwamba jalada lilishafungwa. Akaenda kwa padri mpya, kijana mwenye haraka, akaambiwa kwamba pale pameshabarikiwa na bia si dhambi. Alipoona kila mlango umefungwa, akaenda kwa Monika mwenyewe, akamkuta anamvalisha mwanawe viatu.

"Unajua kuna nini nyuma ya hiyo kaunta yako?" akamuuliza.

"Najua, baba mkubwa. Nani hajui?"

"Na bia utamimina?"

Monika alifunga kamba ya kiatu, akaikaza. "Wewe ulinunuliwa sare na huyo huyo Bożena, ukavaa. Mimi nina mtoto, na baba yake sijui yuko mji gani wa Ujerumani. Ukiniambia niache, niambie na pa kwenda."

Gerard akarudi nyumbani. Usingizi ukampaa, chakula kikamshinda. Jumapili Truda alimwekea nyama ya kuviringisha na kabichi jekundu, akaigeuza geuza kwenye sahani mpaka ikapoa. Alikuwa amebakiwa na njia moja. Mwandishi akija, atamwambia ukweli wote, aone haya kuusifu mji unaouza bia juu ya mfu, aondoke akaandike watu wasije.

Mwandishi, Kamila Zawada, alifika Novemba, mwanamke wa maneno machache. Mbele ya kaunta Gerard alimsimulia yote: mwamba, watano, ukuta. Monika alikuwa pale anafuta glasi iliyokwisha kukauka zamani. Kamila akaacha kuandika.

"Na wewe unapita hapa kila siku?"

"Mara tatu. Jumapili mara tano."

"Basi niambie wewe, Bwana Gerard. Mji huu unastahili mtu atoke mbali aje kuutazama?"

Neno hapana lilikuwa tayari mdomoni. Alipoinua macho akakutana na ya Monika, akawaza wale watu arobaini, akawaza viatu vya yule mtoto. Akasema kwamba yeye ni mzee, aulizwe huyo binti.

"Waje," Monika akajibu. "Tumeshalipia vya kutosha."

Januari jarida likatoka. Mji ulisifiwa, na nusu ya sifa ilikuwa ya ukuta. Kamila aliandika vizuri, kwa heshima, kwamba hakuna mahali katika nchi nzima palipomgusa moyo kama pale, na kwamba asiyesimama mbele ya Hubert hajaiona Silesia. Dawa aliyoichanganya Gerard ikawa ndiyo sumu yake. Wageni waliongezeka maradufu. Bi Bożena akamjia na jarida mkononi, machozi ya kweli machoni, akamwomba awe anakisimulia kisa hicho kila msafara. Gerard akakubali. Angekataa, kazi hiyo angepewa kijana fulani, na kijana huyo angelitaja jina la Hubert kama anavyotaja uzito wa mashine.

Jumapili moja ya Aprili, alipomaliza kusimulia, mgeni mmoja kutoka Poznań, mtu mwenye adabu zake, alisogea akaugonga ukuta mara tatu, kisha akatega sikio. Wenzake wakacheka kidogo, bila ubaya. Gerard alijikuta amekaa kwenye reli. Monika akaruka kutoka nyuma ya kaunta, akamshika kwapani, akampeleka kwenye stoo ya mapipa ya bia na kumfungua ukosi.

Humo ndimo Gerard alimomwambia jambo ambalo hata Truda hakulijua.

"Baba yako aligonga. Nilikuwa kwenye kikosi cha uokoaji. Tatu, ananyamaza, tatu tena. Siku mbili."

Monika akauachia ukosi wake.

"Siku ya tatu mhandisi akasema mwamba unashuka, tukiendelea tutakufa wanane kwa mtu mmoja. Akatuambia, wanaotaka tuache wanyooshe mkono."

"Alikuwa bado anagonga?"

"Kidogo."

"Na wewe?"

"Nilinyoosha."

Nje wageni walikuwa wakiita bia. Monika akauliza kama mama yake alipata kujua kabla hajafa. Gerard akatikisa kichwa. Basi Monika akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka, akamimina bia mpaka zamu ilipokwisha.

Kesho yake Monika aliomba kuhamishiwa juu, kwenye dirisha la tiketi. Kuja kula kwa Gerard na Truda kila Jumapili akaacha. Truda alimwekea sahani wiki nne mfululizo, ya tano hakuiweka tena. Wakikutana langoni, Monika humsalimu kama wafanyakazi wengine wanavyomsalimu, "Bwana Gerard." Baba mkubwa hakumwita tena.

Bi Bożena alibandika tangazo la kukataza kugonga ukuta, na hata wale ambao wazo hilo lisingewapitia akilini sasa hugonga. Truda anamlilia mumewe achukue pensheni yake akae nyumbani. Humjibu kwamba siku akiacha, Hubert atabaki na wageni tu. Kwa hiyo huteremka, mara tatu kila siku, Jumapili mara tano, na kusimulia mpaka pale padri anapoubariki ukuta. Akishafika hapo hugeuka kuelekea mashine na kuongeza mwendo, ili mikono ikianza kugonga awe ameshafika mbali. Mara nyingi haimsaidii, maana njia za chini hupeleka sauti mbali.