Ndege wa Teodora

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi kama nyingine, Teodora alikuwa anafagia uwanja. Mumewe, Masalu, alikaa kwenye jiwe la mlangoni akila matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya rangi. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimenyesha siku tatu mfululizo, na mawe ya mtaani kwao Igogo yalikuwa bado yanang'aa maji. Teodora akaacha kufagia. Akainua uso kuuelekea mwarobaini, ufagio mkononi, akatulia kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Amerudi," akasema. "Umemsikia?"

Masalu alikuwa anahangaika na kipande kigumu cha kiazi. "Nimemsikia," akajibu, kichwa chini.

Hakusikia kitu. Alijibu tu, kama mume anavyomjibu mke aliyeishi naye miaka arobaini na minne. Teodora akacheka kidogo kwa pua, akaendelea na ufagio wake. Saa nane mchana akasema kichwa kinamgonga. Jioni mdomo ulikuwa umelegea upande mmoja. Siku ya tatu akafariki hospitalini, nao wakamzika kwao Magu.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Masalu akarudi Igogo peke yake na lile neno lake. Nimemsikia. Katika maneno yote aliyowahi kumwambia mke wake, na hayakuwa mengi, hilo ndilo la mwisho alilomwambia akiwa mzima, na lilikuwa uongo. Hata huyo aliyerudi hakumjua ni nani. Ndege, hilo alikuwa na hakika nalo, kwa sababu Teodora hakuwa na habari nyingine asubuhi. Lakini ndege gani?

Teodora hakuwajua ndege kwa kusoma. Shule hakwenda. Wenzake walipokuwa darasani, yeye alikuwa juu ya kichanja cha miti katikati ya majaruba ya baba yake, mzee Luhaga, akilinda mpunga. Kwelea kwelea wakishuka kwenye jaruba, dakika chache tu mmebaki na mabua. Mtoto anayesubiri mpaka awaone amechelewa. Inabidi awasikie wakiwa bado mbali, ajue ni wao au ni wengine wanaopita zao, ndipo asimame na kombeo. Siku moja baba yake alimkuta amelala chali, macho amefumba. Akamchapa fimbo ya mgongo.

"Unalala, mpunga unaliwa!"

"Sijalala, baba. Bado hawajafika. Hao unaowaona ni tetere, wanaokota za chini."

Mzee Luhaga akatazama. Walikuwa tetere. Fimbo alikuwa ameshaipiga, hakuwa na la kufanya, akaondoka. Teodora aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na kila mara alipofika kwenye fimbo alicheka mpaka akashika ubavu.

Alipoolewa na kuletwa mjini aliwakuta ndege wengine, akawapa majina yake mwenyewe. Yule kwarara mwenye mdomo wa kupinda, anayepita juu ya mabati alfajiri akipiga kelele, alimwita mama mkwe. "Huyo mama mkwe," alisema akiwa anawasha moto, "analalamika kabla hajabisha hodi." Kila asubuhi aliwataja. Masalu aliguna, na mguno ndio ulikuwa mchango wake.

Baada ya arobaini, Masalu akaanza kujifunza.

Alikuwa na njia yake. Hakujua kuandika, lakini miaka thelathini na mmoja alikuwa ameendesha mashine za kusaga, kwanza Magu kisha Kirumba, na hakuna mwenye mashine asiyejua sifa za masikio yake. Beringi ikianza kuchoka, wengine hawajashtuka, yeye ameshaisikia. Walimfuata kwa pikipiki toka mbali aje tu asikilize. Kwa hiyo akajiambia: huyo ni ndege wa vuli, huja na kuondoka. Nitawajua kwanza wote wanaokaa hapa mwaka mzima. Vuli ikifika, nikisikia sauti nisiyoijua, ni yeye. Nitamwambia Teodora nimemsikia, na litakuwa kweli.

Akakaa kwenye jiwe lake kila alfajiri. Wa kwanza alikuwa mama mkwe, huyo hakuhitaji kujifunzwa. Akamjua furukombe akilia huko ziwani. Akamjua dudumizi, anayetoa sauti kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Tetere alimchukua wiki nzima, kwa sababu wako wa aina mbili na mmoja analia kama anayemjibu mwenzake. Kila alipomjua mmoja, aliweka jiwe dogo juu ya ukuta. Mwezi wa tisa mawe yakafika kumi na moja.

Jirani yake, Apiyo, mjane wa Kijaluo aliyetokea Shirati na kuuza dagaa soko la Mwaloni, alikuwa rafiki wa Teodora. Wanawake wale wawili walifua pamoja, wakateta pamoja. Kila asubuhi Apiyo alikuwa akipita na beseni lake kichwani.

"Shikamoo, shemeji. Kunguru hawajambo?"

"Marahaba. Hawajambo."

"Waambie mmoja wao aliniibia dagaa jana, namdai."

"Nitawaambia, Mama Collins."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake ya siku. Jioni alipigiwa simu na binti yake Selina, aliyeolewa na Shimba huko Magu.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Selina, mama yako alikuwa na ndege mmoja wa vuli. Alikuambia jina lake?"

"Baba, ndege?"

"Wa vuli."

"Mama alikuwa na ndege wengi, baba, mimi sikuwa nasikiliza." Sauti yake ikapasuka, akajikaza. "Njoo ukae huku. Shimba atakuja na gari mwisho wa Novemba. Sitaki Krismasi ikukute huko peke yako."

Masalu hakuweza kumkatalia, na hakuweza kumweleza. Alisema tu sawa, mwisho wa Novemba. Mwarobaini ulikuwa Igogo. Akichukuliwa kabla hajamsikia yule ndege, basi tena.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Oktoba. Masalu akahamisha kiti, akaacha jiwe, ili awe karibu zaidi na mti. Alisikia wale kumi na mmoja. Siku zikaenda. Novemba ikaingia, wale wale kumi na mmoja. Alifika mahali akawachukia, hasa mama mkwe, kwa kumjazia masikio. Akaacha kuchemsha chai asubuhi, kwa kuwa birika lilikuwa linapiga kelele. Akafikiri labda ndege amekufa njiani. Akafikiri labda hakutaka kuja, maana aliyekuwa akimpokea hayupo.

Zilibaki siku sita Shimba afike. Apiyo akapita na beseni, safari hii hakumuuliza habari za kunguru. Alisimama.

"Huyo amerudi," akasema.

Masalu akainuka kitini. "Nani?"

"Huyo wa Mama Selina. Kadogo kale. Ana siku kumi na kitu sasa, kila asubuhi yuko hapo. Nilijua unamsikiliza yeye, ndiyo maana unamkalia hapo chini."

"Yuko wapi?"

Apiyo akatua beseni, akanyoosha mkono. "Tawi lile lililokauka, panda yake. Mdogo, tumbo kama manjano. Huyo, huyo analia sasa hivi."

Macho ya Masalu yalikuwa mazima. Akamwona. Ndege mdogo kama kidole gumba, rangi isiyo na maana, kitu ambacho mtu anakipita mara mia. Mdomo wake ulifunguka, koo likatetemeka. Ukafumba. Ukafunguka tena.

Masalu hakusikia kitu.

"Amenyamaza?" akauliza.

Apiyo akamtazama. "Hajanyamaza, shemeji."

Akaingia ndani. Alitoka na bisibisi yake ndefu. Ndivyo alivyosikiliza mashine miaka yote, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na chuma humwambia kila kitu. Akaukaribia mwarobaini polepole, asimfukuze. Akaiweka ncha kwenye gamba la mti, akaegemeza kichwa kwenye mpini, akafumba macho. Apiyo alikuwa tayari na neno la utani, mti nao umeharibika beringi, lakini hakulitoa.

Mti ulikuwa na sauti. Ilikuwa ya chini, ya upepo na ya uzito wake wenyewe ukijigeuza. Hapakuwa na ndege ndani yake. Masalu alisukuma mpini mpaka ukamuumiza. Akahamia upande wa pili wa shina. Akajaribu sikio jingine.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Analia?"

"Analia, shemeji."

"Anasemaje? Sema kama anavyosema."

Apiyo alikuwa mama wa watoto watano, muuza dagaa, sauti yake ilisikika sokoni mpaka kwenye mitumbwi. Akakunja midomo, akajaribu kupiga mluzi mwembamba. Masalu alimwona midomo ikikunjwa. Alisikia pumzi tu. Mwishoni kabisa palikuwa na kitu kama ncha ya sindano, labda, au alikitaka sana.

Aliishusha bisibisi. Akawa anaifuta ncha kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. Mawe kumi na moja yalikuwa ukutani, na kwa mara ya kwanza aliyaona yalivyo: wote waliokuwa pale walikuwa wakubwa, au wenye sauti nene. Wadogo hakumpata hata mmoja. Kwa miaka mingapi? Hakuwa na wa kumuuliza.

"Mama Collins," akasema, "mimi nilimwambia nimemsikia."

Apiyo akakaa kwenye ukingo wa msingi wa nyumba, miguu mbele, mikono mapajani, kama wanawake wanavyokaa msibani. Alionekana anapima kama aseme au anyamaze. Dagaa wake walikuwa wanapigwa jua.

"Shemeji, usinikasirikie. Mwaka juzi tulikuwa tunafua pale bombani. Nikamtania, nikamwambia, wewe kila asubuhi unamtangazia mzee wako ndege, kwani yeye hana masikio?"

"Akasemaje?"

"Alikuwa anakamua shuka. Hata hakugeuka."

"Akasemaje, Mama Collins?"

"Akasema: 'Masikio yake yaliliwa na mashine zamani, Apiyo, hawa wadogo hawapati tena, na yeye hajui. Namtajia mimi, asije akadhani wameondoka.'"