Maji Ndani ya Chupa

Watu wa mtaani wakisikia mke wangu anafanya kazi ya ultrasaundi, wanamletea wajawazito. Mmoja alifika hadi mlangoni, kashika kiuno, anataka kujua mtoto ni wa kike au wa kiume. Mke wangu akampa kiti, akamwelekeza hospitali.

Yeye, kwenye maabara ya chuo, hupima chumvi ya ajabu, ambayo ni majimaji hata bila kuyeyushwa, nzito kama asali. Anaichanganya na spiriti, anapitisha sauti isiyosikika kwa sikio, anaangalia imekwenda kasi gani. Ikikimbia sana, huenda molekuli zimekumbatiana. Kisha anapitisha mwanga, kuona nani kamshika nani. Umbea mtupu, ila wa kisayansi.

Safari moja sauti ilikimbia kuliko alivyotarajia yeyote. Profesa wake, mzee mcheshi aliyekaribia kustaafu, alifurahi kupita kiasi. Alisema hiyo ndiyo makala yake ya kuagia kazi. Wakaiandika, wakaituma, majina yao wawili juu.

Ndipo mwanga ukamchongea. Kwenye mchoro wa mwanga kulikuwa na kilima kidogo, alama ya maji. Chumvi ile hunyonya unyevu wa hewani, na mke wangu alikuwa akifungua chupa kila mara. Aliikausha, akapima upya. Kasi ikawa ya kawaida tu.

Nilichukia. Jasho lote lile!

"Nyamaza basi," nilimwambia. "Nani atajua?"

"Atakayerudia kipimo. Na mzee wa watu atakuwa keshastaafu, anachekwa nyumbani kwake, hajui kosa ni langu."

Akaenda kumwambia. Mzee alitazama michoro miwili, akavua miwani.

"Mwanangu, si ungengoja niondoke?"

"Ningengoja, Mwalimu, ungeondoka na uongo wangu."

Mzee alimnunia siku kadhaa, salamu hataki. Sikumlaumu. Kisha akaiondoa makala.

Siku ya kumuaga nami nilialikwa. Mwenzake mmoja, mdomo haumkai, akauliza mbele ya wote makala iliyosifiwa vile imeishia wapi.

"Nimeiondoa," mzee akajibu. "Nilizembea kwenye vipimo vyangu."

Vyangu! Mke wangu akasimama kusahihisha. Mzee akamfanyia ishara ya mkono akae. Alikaa, akalia waziwazi, wala sikumnyamazisha.