Tela la Kumshusha Mama Mkwe

TINGI, Kilwa. Jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, naye Sebastiani amekwishalala chali chini ya tela lake, miguu ikiwa nje. Wapita njia wanaitania ile miguu: "Shikamoo, miguu! Mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba," inajibu sauti kutoka chini. "Mwenyewe yuko mlimani."

Na ni kweli. Mwili wa fundi huyu wa pikipiki uko Tingi, lakini moyo umekwea vilima vya ng'ambo ya Mitole aliko mkewe, Romana. Alipanda huko wakati wa masika kumuuguza mama yake, Bi Genoveva, ambaye miguu imemgomea. Masika yamepita, ufuta umevunwa, Romana hajarudi. Mtoto wao, Cletus, yuko bweni, hivyo fundi amebaki na kuku.

"Nyumba bila yeye ni banda tu," anasema, akijitoa chini ya tela. "Nimemkumbuka mpaka kelele zake."

Dawa ni kumshusha mgonjwa aje akae nao. Lakini gari haliwezi njia ile ya mchanga na mawe, na vijana wa kubeba machela wamekimbilia mjini. Pikipiki inaweza, ila hapo ndipo penye kazi: mama mkwe akipanda nyuma, itabidi amshike mkwewe kiuno. Bora atambae! Bi Genoveva hata kuzungumza naye hupitishia kwa binti.

Ndipo likazaliwa tela. Mama na binti wakae nyuma, pikipiki mbele, heshima katikati. Kwa kuwa pikipiki peke yake ilishindwa kulivuta mchangani, Sebastiani alitafuta mota ya bajaji ya umeme iliyokufa, akaifunga kwenye ekseli, betri akaziweka chini ya sakafu. Tela likawa linajisukuma lenyewe.

Lilijisukuma mno. Siku alipolijaribu kwa magunia ya muhogo, mbele ya baraza ya mama mkwe, alipunguza mwendo kwenye mteremko, tela halikupunguza. Likamtupa kwenye mbaazi.

"Romana, mwambie mwenzako," alisema Bi Genoveva, "tela lake halina adabu. Linamsukuma aliyelitangulia. Silipandi."

Sebastiani anacheka akisimulia, kisha kicheko kinamkauka. Siku ile alirudi peke yake, na anakiri alilia njiani.

Ni njiani humo alipoikumbuka machela. Mbebaji wa nyuma hasukumi ovyo. Hungoja asikie wa mbele amevuta, ndipo naye aongeze nguvu. Fundi akachomelea kiungio chenye springi. Pikipiki ikivuta, springi inavutika, nayo swichi inawasha mota. Ikilegea, mota inazima. Juzi magunia yaleyale yalishuka salama. Bi Genoveva alitazama akiwa barazani kwake.

Mazungumzo yanakatizwa na simu. Ni Romana. Mikono ya fundi imejaa grisi, anaweka spika.

"Baba Cletus, mama anauliza, humo kwenye tela mtu anakalia nini?"

Sebastiani anakaa chini, palepale mavumbini. Macho yanamjaa machozi.

"Mwambie kuna godoro."

"Godoro lipi?"

"Letu."

"Na wewe je?"

"Mimi mkekani. Jumapili, misa ikitoka tu, naja kuwachukua. Mwambie nitaendesha taratibu. Ila mjiandae mapema, Romana. Mapema kabisa."