Gitaa la Ombati Lilipovalishwa Nyuzi Nene

Enzi zetu kule Magwagwa, aliyeacha baiskeli nje ya duka hakuwa na hakika ya kurudi akute breki. Wapiga gitaa tulikuwa nao wengi, nyuzi za dukani hazikuonekana, na waya wa breki ukifumuliwa ulitoa nyuzi nyembamba za chuma zilizofaa kabisa. Vijana wa leo wananung'unika simu ikichelewa kufunguka. Sisi tuliteremka hadi mtoni tukifunga breki kwa nyayo, na viatu hatuna!

Kaka yangu Ombati alikuwa na gitaa. Baba, mzee wa kanisa la Wasabato, alilivumilia kwa sharti moja. "Ombati, siku nitalisikia hilo gitaa nikiwa huko chini kwa shamba la chai, hiyo ni kuni." Kwa hiyo Ombati alifunga nyuzi mojamoja, nyembamba. Vidole vilibonyeza bila taabu, na sauti laini iliishia mlangoni mwa jikoni.

Kisha dada yetu Moraa akachumbiwa, akaapa kwamba harusini atacheza dansi kwa gitaa la kaka yake tu. Babu, mpigaji wa obokano, lile zeze letu kubwa linalonguruma, alisikiliza mazoezi akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni mbu," akasema. "Weka kamba nene."

Ombati akasokota nyuzi tatutatu pamoja. Hazikuingia kwenye mifuo ya kupitishia nyuzi juu ya shingo, akaipanua kwa tupa ya kunolea panga. Alipozikaza zikaivuta shingo ikapinda, nyuzi zikainuka mbali na ubao, na kubonyeza kukawa adhabu. Ikabidi azilegeze, ashushe sauti yote, ndipo shingo ikarudi kidogo. Lakini mngurumo wake, jamani! Kuku walihama jikoni.

Harusini alipiga hadi vidole vikachubuka, na Moraa akatimua vumbi. Baba alitazama mbele tu. Tukajua gitaa limekwisha.

Moraa alipokwenda kwake, Ombati alirudisha nyuzi nyembamba haraka. Sasa zilicheza ndani ya ile mifuo mipana, zikavuma kama inzi chupani. Akalitundika ukutani. Siku ile baba alipanda kutoka kwenye chai mapema, panga mkononi. Mimi nikaanza kulia.

"Ombati, mbona huko chini sisikii kitu?" akauliza. Akaketi kizingitini. "Nyumba imenyamaza sana tangu Moraa aende. Rudisha zile nene."

Siku hizi mjukuu wangu hununua nyuzi ndani ya pakiti, unene anauchagua kwa namba, na simu inamwambia akaze wapi. Ni fundi kweli, sikatai. Ila huchomeka vitu masikioni gitaa lisikike kwake tu, akajifungia chumbani akajipigia peke yake. Nami nakaa upande huu wa ukuta na chai yangu, natamani anipigie kelele.