Mbunifu wa Chupa Inayopumua

Katika kiwanda kimoja cha Athi River, mbunifu wa chupa za watoto ana mikono laini na kucha zilizokatwa kwa uangalifu. Kila asubuhi huipindua chupa yake yenye tundu la hewa, huitegea sikio kama daktari, huhesabu viputo vinavyopanda, kisha hutabasamu peke yake. Anayeinyonya ni mashine. Watoto hawaruhusiwi humo, kwa sababu hulia.

Juzi Nzilani, mpakiaji wa maboksi, aliingia na bintiye wa miezi minne, aliyekuwa akihangaika na chupa ya aina hiyo tangu alfajiri bila kushiba.

"Injinia, hewa haiingii. Chuchu inajifinya, na huyu ako na njaa."

"Mama, mashine imenyonya mara elfu mbili bila kulalamika."

"Mashine haina tumbo, injinia."

Nzilani akalegeza kifuniko kidogo. Viputo vikapanda, mtoto akanyonya kwa pupa. Mbunifu aliinama, akavisikiliza kwa furaha. Kisha, kwa kuwa mchoro wake haukutaja kulegeza, akanyoosha vidole vyake safi akakikaza tena. Mtoto alipoangua kilio, mbunifu aliandika daftarini: "Mtoto hafai kwa majaribio."