Mgeni Wetu wa Ipuli

Nilipoomba kibali cha kukaa Tabora moja kwa moja, niliogopa mambo mengi: polisi, mihuri, Kiswahili changu. Ukarimu sikuuogopa. Kumbe ndio uliotaka kuniponza.

Ukimbizi wenyewe nilikuwa nimeshakubaliwa. Nilikuwa na karatasi yenye picha yangu, nimekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa, ikieleza kwamba mimi na mama yangu tulitoka Burundi na kwamba tusirudishwe. Wenzetu tuliovuka nao mpaka walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, mbali huko porini, wakapewa jembe na shamba. Mimi niliachwa mjini kwa sababu nilijua kupiga randa, na karakana moja ya samani ilikuwa na mninga mwingi kuliko mafundi. Tukapanga nyumba Ipuli, mama akapanda migomba nyuma ya jiko, watu wakamcheka, ikaota.

Kisha likaja agizo: wakimbizi wote waende makazini, isipokuwa atakayepata kibali cha kudumu. Sikushangaa sana. Zilikuwa zama za kuhamisha watu. Wanyamwezi wenyewe, wenye nchi, walikuwa wakiondolewa kwenye mashamba ya babu zao na kupelekwa vijiji vya ujamaa, sembuse mimi niliyekuja na godoro. Lakini mama alinikatisha kabla sijamaliza kumweleza.

"Wakikuhamisha, nenda," alisema. "Mimi miguu yangu imekwisha. Nitazikwa hapa hapa, hata kama sijafa."

Nilimjua mama yangu. Hakuwa akitania.

Kilichonikera ni kwamba katika mtaa ule, ukichimba kidogo tu, kila mtu alikuja na msafara. Babu wa huyu alibeba pembe za ndovu kutoka Manyema, akafika Tabora miguu imevimba, akasema basi, hapa panatosha. Babu wa yule alitoka Omani kuzifuata pembe zile zile. Hakuna aliyewauliza kibali. Kosa langu mimi lilikuwa kuchelewa kufika.

Niliambiwa kwamba afisa atakuja kuwahoji majirani mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi, aone kama nimekuwa mkazi kweli. Nikalala usingizi mzuri. Balozi alikuwa mzee wa Kinyamwezi, muuza asali, na alinipenda. Wote walinipenda. Harusini nilikalishwa na wazee na kuwekewa paja la kuku. Siku za kazi za kujitolea, nikishika jembe tu, mtu alikuja kunipokonya: "Acha, mgeni wetu, utachoka." Na mimi, mtoto wa watu niliyelelewa kuheshimu wenyeji, nilienda kukaa kivulini.

Mtu mmoja tu hakunipenda. Nyumba ya pili alikaa bibi mmoja mjane wa asili ya Kiarabu, mwenye ukuta wa udongo uliotazamana na bati langu. Mvua ikinyesha, maji ya bati langu yalimwagikia ukutani kwake. Yeye alisema mimi ndiye ninayeubomoa ukuta. Mimi nilisema, na nasema mpaka leo, kwamba ukuta ule ulikuwa umepinda kabla sijazaliwa. Tuligombana kila masika. Nilimwomba balozi, kwa heshima zote, Bibi asiitwe. Balozi akaniambia nisiwe na wasiwasi.

Afisa alikuja, kijana wa Kizaramo aliyevaa suti ya Kaunda. Balozi akasimama.

"Ndugu afisa, huyu ni mgeni wetu mwema sana. Hatujamsikia hata siku moja akipaza sauti kwenye kikao."

"Mtaro wa barabara alichimba?"

"Mtaro? Sisi hatuna tabia mbaya hiyo, ndugu. Tulimkalisha kivulini."

"Na msibani? Anachimba kaburi?"

"Hasha! Mgeni achimbe kaburi?" Majirani wote wakaguna kwa pamoja kuonyesha kwamba Ipuli si mahali pa watu wasio na adabu.

Nilikuwa nikitabasamu. Ndiyo, nilikaa pale nikitabasamu huku wakinichimbia shimo. Afisa alifunga faili lake taratibu.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi miaka yote hii jembe mmemnyima. Basi bado ni mgeni, na mgeni hukaa alikopangiwa." Akasema atarudi wiki inayofuata kuwasikia mashahidi wengine, kama wapo.

Nilirudi nyumbani nimefura. Jioni balozi akaja kuomba radhi, akaniletea chupa ya asali. Nilitamani kummwagia kichwani.

Lakini alikuja na wazo pia. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo kwenda pwani. Mzaramo anajua kwamba mgeni hukirimiwa, na mtu wa nyumbani hutaniwa. Kwa hiyo afisa akirudi, mtaa mzima utanitukana, nami niwatukane, na kazi imekwisha.

Sijawahi kuona matusi mabovu kama yale. Balozi alinyoosha kidole mbele ya afisa, akasema, "Huyu ni mwizi wa kuku," kisha akanigeukia, "samahani, ndugu yangu." Mwingine akasema ninanuka, akaongeza haraka kwamba ni harufu ya mbao, na mbao ni kitu kizuri. Zamu yangu ilipofika nilipaswa kusema kwamba vichwa vya Wanyamwezi vimekuwa bapa kwa kubeba mizigo ya watu. Ulimi ukagoma. Nikasema, "Nanyi poleni na mizigo."

Afisa alicheka mpaka akatoa leso.

"Watani hawaombani radhi, wazee wangu," alisema. Akaanza kukusanya karatasi zake. Nikamfikiria mama.

Hapo ndipo Bibi alipoingia, hakuitwa na mtu, anatanguliwa na bakora yake. Nikasimama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, hizaya we!" Kwa Bibi ugomvi ulikuwa ugomvi, na salamu ilikuwa salamu. Akamgeukia afisa. "Nasikia mnamchukua Mrundi."

"Tunataka kumpeleka makazini, Bibi. Wewe unamfahamu?"

"Nimfahamu? Masika yote haya namwambia ageuze bati lake, hasikii! Siku niliyofiwa na mume wangu alileta mbao za kaburi, kazipiga randa mwenyewe, laini, nikasema haya, leo nimemsamehe. Kesho yake mvua ikanyesha, maji yale yale, ukuta ule ule! Halafu usiku ananigongea, eti mama yake ana homa, nimpe mwarobaini. Nikampa. Bati kageuza? Hakugeuza!"

"Basi unataka aondoke."

Bibi alimtazama yule kijana kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye akili pungufu.

"Aondoke aende wapi? Nani atanijengea ukuta wangu? Mje mniletee mwingine nianze naye mwanzo, na umri huu? Haondoki hapa!" Akaipiga bakora chini, akatoka, hakuaga.

Majirani waliinamisha vichwa kwa aibu, kwa sababu mgeni wao alikuwa ametukanwa mbele ya serikali. Afisa alikaa tena. Aliandika kwa muda mrefu, akaniuliza jina la Bibi na herufi zake, basi.

Kibali kilikuja mwisho wa kiangazi. Mtaa ukapika pilau, na balozi akainuka kutoa hotuba akianza na "mgeni wetu leo amepata kibali". Nikaona hawa siwawezi, nikala pilau.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi, kubwa, na maji ya bati yakaelekea kule kule. Bibi akaanza. Nilikuwa nikivaa viatu nikajibu mashtaka, lakini mama alikuwa ameshatoka. Mama yangu, ambaye tangu tuvuke mpaka alizungumza na watu wote kwa sauti ya kuomba msamaha, alisimama kwenye matope akampigia Bibi kelele kwa Kiswahili cha kuokoteza, kwamba ukuta ni mbovu, kwamba mvua ni ya Mungu, na kwamba hapa ni kwake na asipigiwe kelele kwake. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nikalia, nikawaacha wagombane mpaka mvua ilipokatika.