Kalamu ya Mpingo kutoka Chole

Likizo ile niliikalia kalamu yangu ya wino ndani ya lori la kurudi nyumbani Kisarawe, ikapasuka. Ilibaki nibu na kifuko chake cha mpira. Bila kalamu ile ningerudia ya kuchovya, ambayo huvuja, na mkono wangu huburura wino mbichi ukurasa mzima. Darasani walikuwa wameshanipa jina la Pweza. "Pweza katoa wino!" Nami ni mtu wa haya, hata chumvi siwezi kuiomba.

Baba akanipeleka kijijini Chole kwa babu mdogo, fundi wa kukereza matendegu, ile miguu ya vitanda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mke?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Akaokota kipande cha mpingo, cheusi chenye mchirizi wa rangi ya asali. "Kalamu sijawahi kuikereza. Lakini kalamu ni nini? Tendegu la kitanda cha panya." Kisha akanirushia donge la nta. "Lishike kama unavyoandika, nipate alama za vidole vyako."

Mbele ya mzee mkono hutoka mmoja tu. Nikalishika kwa wa kulia. Ukweli ni kwamba mimi huandika kwa kushoto. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilichapwa hata nikajua kula, kupokea na kusalimu kwa kulia, ila kuandika kuligoma. Babu hakulijua hilo.

Siku tatu nilikaa kando yake nikitazama unga mweusi wa mpingo ukianguka. Siku ya tatu akaing'arisha kalamu kwa mafuta ya nazi, akaitia ile nibu yangu na kifuko chake, akanikabidhi. Nzuri ajabu! Ilikuwa na vibonde vitatu vya kupokea vidole. Vidole vya kulia.

"Andika: bibi anapika vizuri."

Nikaandika kwa kulia. Bibi akatoka jikoni kuchungulia. Hajui kusoma, lakini macho anayo.

"Mume wangu, huko sekondari mnafundishwa nini? Kuku wangu anaparura vizuri kuliko hivi!"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. "Babu, mimi ni wa kushoto."

Babu akainua kisu chake cha kukerezea. "Na hiki, siku zote tatu, nimekishika kwa mkono gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimetazama chini tu. Nikainua macho: kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto.

"Wawili nyumba moja!" Bibi alicheka hata akashika nguzo.

Babu akavikwangua vile vibonde mpaka shingo ya kalamu ikawa nyembamba, ya mviringo. Nikaishika kwa kushoto, nikaandika sentensi ile ile. Haikuvuja hata tone.

"Ehe, hapo pamenyooka," bibi akasema. "Pameandikwaje?"

"Kwamba unapika vizuri. Kasema babu."

Bibi akamgeukia mumewe. Babu alikuwa ameinama, eti anatafuta kitu kwenye unga wa mpingo, na hakukipata upesi.